Septemba na Oktoba Bustanini Arusha na Moshi: Ua Lipi Limwagiliwe, Lipi Liachwe na Kiu

Maelekezo mengi ya bustani yanayosambaa mitandaoni yameandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini ya mbali, ambako Septemba ni mwanzo wa majira ya kupukutika kwa majani. Mwenye bustani wa Arusha au Moshi anayeyafuata neno kwa neno hujikuta akikata matawi wakati ambapo matawi hayo yanajiandaa kuchanua. Kwetu mwezi huu ni wa kutoka kwenye baridi ya Juni hadi Agosti na kuingia kwenye joto: masika yamekwisha tangu Mei, vuli bado haijafika, na vumbi limetanda kila mahali. Aidha, tuko takribani nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki nusu saa. Kwa sababu hiyo mimea mingi ya nyumbani huku haipangi maua yake kwa urefu wa mchana, bali kwa maji, joto na mkasi wa mwenye bustani.

Kabla ya kushika mpira wa maji au mkasi, basi, jiulize maswali mawili kuhusu kila mmea ulio nao. Kwanza, je, ua lake hutokea kwenye chipukizi jipya au kwenye ncha ya tawi lililokwisha kukomaa? Pili, je, linachochewa na kiu au na unyevu? Mtu anayejua majibu hayo hahitaji kalenda ya mtu mwingine.

Zingatia pia mahali ulipo mlimani. Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900, na kwa kawaida joto hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi kwa kila mita 100 unazopanda. Hivyo Moshi mjini huwa na joto la takribani nyuzi tatu zaidi, na maua yanayopenda joto hutangulia huko. Mwenye nyumba Njiro, palipo chini na pakavu, hana budi kutarajia mambo tofauti na jirani yake wa Ilboru, kama vile bustani ya Pasua isivyoweza kwenda sawa na ya Marangu au Kibosho.

Mimea ya kuacha na kiu

Bogenvilia ndiyo malkia wa msimu huu, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa wema wa kupindukia. Ukilisogelea shada lake utaona kwamba kile tunachokiita ua, chenye rangi ya zambarau, chungwa au nyeupe, kwa kweli ni majani matatu membamba yaliyogeuka rangi. Maua halisi ni vijirija vitatu vyeupe vilivyosimama katikati, kila kimoja kikiwa kimeshikana na mshipa wa jani lake. Mmea huu, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini, hutoa mashada hayo kwenye ncha za machipukizi mapya, na husukumwa kufanya hivyo udongo unapokauka. Ukiumwagilia kila jioni utapata ukuta wa kijani na miiba mirefu, basi. Ndiyo maana bogenvilia iliyopandwa karibu na bomba la nje, mahali ambapo maji ya kufulia humwagwa kila siku, mara nyingi haichanui, wakati ile iliyosahauliwa pembeni mwa geti imewaka rangi.

Iliyo ardhini, yenye umri wa mwaka mmoja au zaidi, iache bila maji Septemba yote, isipokuwa majani yakianza kuanguka kwa wingi. Iliyo kwenye chungu isubiri mpaka majani yalegee kidogo wakati wa adhuhuri, kisha uimwagilie mara moja hadi maji yatoke chini ya chungu, na uiache tena. Usiiwekee yurea wala samadi nyingi, kwa kuwa naitrojeni hupeleka nguvu kwenye majani. Rangi ikianza kufifia, kata kila tawi lililochanua kwa karibu theluthi moja ya urefu wake, pamoja na yale machipukizi manene yanayokimbilia juu bila ua lolote. Mashada mapya yatarudi baada ya wiki 6 hadi 8 ikiwa mmea unapata jua la saa sita au zaidi kwa siku. Mbogenvilia ulio chini ya mparachichi hautachanua vizuri hata ukiubembeleza, na afadhali uhamishwe.

Mjakaranda nao hutaka uachwe, ila kwa sababu nyingine. Huchanua hapa Arusha kuanzia Oktoba hadi Novemba, na maua yake hutokea kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, aghalabu yakiwa yamepukutisha majani. Anayepogoa mwezi Agosti au Septemba ili mti upate umbo zuri anaondoa maua ya mwaka mzima, kwa hiyo subiri mpaka umalize kuchanua. Kwa maoni yangu, hata hivyo, huu si mti wa kiwanja kidogo: hukua ukawa mkubwa, na maua yanayoanguka kwenye sakafu ya saruji huteleza yakiloa. Anayeupenda aupande mbali na nyumba na karo, au aridhike na ile ya barabarani.

Frangipani huanza kutoa mashada yake joto linaporudi, mapema zaidi Moshi kuliko Arusha. Wakati huu ndio mzuri wa kuchukua vipandikizi. Kata tawi la urefu wa sentimita 30 hivi, ukijihadhari na utomvu wake mweupe ambao huwasha ngozi na ni hatari machoni, ulilaze kivulini kwa wiki moja mpaka kidonda kikauke kabisa, ndipo ulipande kwenye mchanga uliochanganywa na udongo. Kipandikizi kinachozikwa kingali kibichi huoza. Mishubiri, kwa upande wake, inamalizia maua yake ya kiangazi, na haikudai kitu chochote isipokuwa kuachwa na mabua yake yasimame mpaka ndege aina ya chozi wamalize kunyonya.

Mimea inayodai maji

Waridi hauna subira ya bogenvilia. Ua lake hutokea kwenye chipukizi jipya, na katika hali yetu ya hewa huchukua wiki 6 hadi 8 tangu kupogoa hadi kuchanua. Hesabu hiyo inakupa uwezo wa kupanga: mwaridi uliopogolewa mwanzoni mwa Agosti utakuwa na maua mwishoni mwa Septemba, na anayetaka maua mezani siku ya Krismasi apogoe mwishoni mwa Oktoba. Unapovuna ua au kuondoa lililonyauka, usikate shingo tu. Shuka na bua ukiangalia majani: yaliyo karibu na ua huwa na vijani vitatu, na chini yake hufuata yenye vijani vitano. Kata kwa mshazari, nusu sentimita juu ya jani la vijani vitano linaloelekea nje ya kichaka, kwa kuwa jicho lililopo hapo lina nguvu ya kutoa bua nene, na tawi litakalotoka halitaziba katikati ya mmea. Machipukizi yanayotoka chini ya mahali palipobebeshwa, yaani pale mwaridi ulipounganishwa na shina la mmea mwingine, yang'oe kabisa kuanzia shinani, kwani hayo ni ya shina-mama na yatauzidi nguvu mwaridi wenyewe.

Adui wa mwaridi katika kiangazi ni utitiri mwekundu, ambaye hustawi kwenye joto na ukavu. Geuza jani: ukiona upande wa chini una vumbi linalotembea na utando mwembamba, na upande wa juu umejaa vidoa vya manjano, amekwisha ingia. Rushia maji kwa nguvu kidogo upande wa chini wa majani, asubuhi, kila baada ya siku mbili au tatu, na kwa bustani ya nyumbani hilo mara nyingi hutosha endapo umewahi. Ubwiriunga, yaani ule ukungu mweupe kama unga juu ya majani machanga, huja zaidi sehemu za juu za Arusha ambako usiku bado una baridi na mchana una joto. Dawa yake ya kwanza ni kupunguza matawi ya katikati ili hewa ipite. Vidukari, ambao wengi huwaita wadudu mafuta, huondoka kwa maji ya sabuni ya kawaida yaliyopuliziwa jua likishapungua.

Haibiskasi pia huchanua kwenye chipukizi jipya, na kila ua huishi siku moja tu au mbili, kwa hiyo wingi wa maua unategemea mmea kutoacha kukua. Ukikosa maji wiki moja, vitumba huanguka vikiwa bado vimefumba. Asmini hufuata kanuni hiyohiyo, ingawa hustawi vizuri zaidi kwenye joto la Moshi.

Kuhusu namna ya kumwagilia, ni bora kutoa maji mengi mara mbili kwa wiki kuliko kunyunyiza kidogo kila siku, kwa sababu maji ya juujuu hufundisha mizizi kubaki juu, mahali panapokauka kwanza. Ndoo moja ya lita 20 kwa kichaka kikubwa cha waridi, ikimiminwa polepole asubuhi mapema, ni kipimo cha kuanzia. Kisha funika udongo kwa matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 8: majani makavu ya migomba au maganda ya kahawa yanafaa sana, nayo hayagharimu pesa nyingi. Acha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina. Kwenye maeneo makavu ya chini ambako mchwa ni wengi, tumia mboji iliyooza badala ya majani makavu, la sivyo utakuwa umewaandalia karamu.

Wakazi wa Arusha wana jambo moja la ziada la kuangalia. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, na kuna mimea ya mapambo isiyoivumilia, hasa ile ya jamii ya masale na ule mmea wa vyunguni wenye majani marefu yenye mistari myeupe. Ncha za majani zikikauka na kuwa kahawia wakati mizizi ni mizima na udongo una unyevu, usiongeze maji yaleyale ukidhani ni kiu. Weka akiba ya maji ya mvua kwa ajili ya vyungu hivyo, na gladiola uzimwagilie kwa akiba hiyohiyo, maana nazo huungua ncha kwa sababu hiyo.

Maua yatakayoliwa

Nyumba nyingi za uchagani na Arusha hazitenganishi bustani ya maua na shamba la kihamba, yaani lile linalozunguka nyumba, kwa hiyo miti ya matunda nayo ihesabiwe. Mwembe ukiwa na maua, usiumwagilie kwa wingi mpaka vitunda vifikie ukubwa wa punje ya mahindi, kwani maji ya mapema huweza kuuchochea kutoa majani. Mparachichi una tabia ya ajabu: kila ua hufunguka mara mbili, mara ya kwanza likiwa tayari kupokea chavua, kisha likafunga na kufunguka siku inayofuata likitoa chavua. Aina ya Hass hufunguka asubuhi kwa ajili ya kupokea na Fuerte hufanya hivyo alasiri, ndiyo maana kuwa na zote mbili, au jirani mwenye ile usiyokuwa nayo, huongeza matunda. Wakati wote huo nyuki ndio wafanyakazi wako. Usipulizie kiuatilifu mti wenye maua, na kama ni lazima kupulizia waridi lililo karibu, fanya hivyo jua likishazama.

Mibuni hufumba vitumba vyake kiangazi chote na kuvifungua siku chache baada ya mvua ya kwanza ya maana, kama wiki moja hivi au zaidi kidogo. Maua hudumu siku mbili au tatu. Katika siku hizo usipogoe wala usipulizie chochote.

Vya kuogopa

Oleanda na ule mmea wenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, ambao ni maarufu kwenye nyua za nyumba za mlimani, vyote huchanua vizuri na vyote ni sumu kuanzia mizizi hadi ua. Penye watoto wadogo au mbuzi wanaofungwa nyumbani, visipandwe, na matawi yaliyokatwa yasitupwe bandani. Lantana nayo iache porini ilikotorokea: ni sumu kwa mifugo, na mbegu zake husambazwa na ndege mpaka kwenye shamba la mwenzako.

Kujiandaa kwa vuli

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu wa vuli kabla mvua hazijaanza, ukitaja nyanda za juu kaskazini mashariki, yaani Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Usome kabla ya kununua mbegu. Kama mvua inatarajiwa kwa wakati wake, sia zinia na marigodi kwenye kitalu chenye kivuli chepesi mwishoni mwa Septemba au mapema Oktoba, ili miche iwe na majani manne hadi sita udongo utakapolowa. Kosmosi imwage moja kwa moja mahali pake, kwa kuwa haidai uangalizi. Maua ya kwanza yataonekana kati ya wiki 8 na 10 tangu kusia. Mashimo ya waridi na vichaka vipya yachimbwe sasa, yachanganywe na samadi iliyooza vizuri, yakae wazi mpaka mvua. Ikiwa utabiri unasema mvua zitachelewa, sogeza kitalu mbele kwa wiki mbili tatu, lakini usihamishe miche baada ya katikati ya Desemba, kwa sababu itakutana na jua la Januari na Februari ikiwa bado haijashika mizizi.