Ukinaswa na Kawunyemu, Usiharakishe Kusema "Ni Kweli"
Dereva anayesimamishwa usiku Kampala na askari wa kawunyemu, yaani kile kipimo cha pombe kwenye pumzi, aombe kuonyeshwa namba iliyotokea kwenye kifaa na aiandike papo hapo pamoja na saa, kwa kuwa wakili wake ataanzia hapo. Ibara ya 23 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inataka aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe wakili amtakaye, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 asipoachiliwa. Dhamana ya polisi hailipiwi, hata akidokezwa vingine pale kaunta. Mbele ya hakimu, asikiri kosa eti awahi kurudi kazini. Kiingereza kikimpiga chenga, mkalimani ni haki yake bila malipo.