Sabuni ya bei ya kutupa: piga hesabu kabla ya kulalamika

Napika sabuni ya mawese hapa Ujiji, Kigoma. Mwaka juzi maduka ya Mwanga yalijaa miche ya sabuni kutoka nje ya nchi, bei yake haifikii hata gharama yangu ya mawese na kostiki. Wenzangu wawili walizima mafiga. Iliniuma, nikajifunza hesabu hii.

Usianze na bei ya dukani. Sabuni kuwa rahisi si kosa. Indonesia na Malaysia wana mashamba makubwa ya michikichi, huenda gharama zao ni ndogo kweli. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani kuhusu bei ya kutupa (dumping) zinauliza hivi: je, kiwanda kinatuuzia sisi kwa bei ya chini kuliko kinavyowauzia watu wa kwao? Basi ishushe bei mpaka mlangoni mwa kiwanda. Toa faida ya mwenye duka, nauli ya behewa kutoka Dar es Salaam, ushuru, meli. Tuseme inabaki shilingi 1,500 kwa mche. Bei ya kwao nayo uichambue vivyo hivyo. Ikiwa 2,000, pengo ni 500, theluthi nzima ya bei tunayouziwa. Pengo lisipofika asilimia 2, kesi haiendi. Waombe wanaosafiri kununua mali wakuletee risiti za huko.

Kisha daftari, na hapa ndipo wengi tunaanguka. Kila Jumamosi naandika ndoo za mawese nilizonunua, miche iliyotoka, iliyouzwa, bei, na wiki niliyoshindwa kumlipa msaidizi wangu. Bila kurasa za kabla na za baada ya mzigo kuingia, huwezi kuonyesha kwamba umeumia, wala kwamba umeumizwa na mzigo huo na si mawese kupanda bei.

Peke yako hutasikilizwa. Wanaounga mkono lalamiko wafikie angalau asilimia 25 ya sabuni yote ya aina hiyo inayotengenezwa nchini, kwa hiyo watafute wa Tabora, wa Mwanza, na wenye viwanda pia. Mlango wa kwanza ni afisa biashara wa manispaa, atawaelekeza wizarani. Uchunguzi ni mwaka mmoja hivi, usizidi miezi 18.

Ila kama anayekuua ni tajiri wa hapahapa nchini, ameshika soko na anauza chini ya bei aliyonunulia ili mfunge kisha apandishe, hilo ni la Tume ya Ushindani, kwa sheria ya 2003. Nenda na risiti zake za kabla hajashusha na za sasa, zenye tarehe.