Tanuri la jua la kukaushia mbao: jenga mwenyewe, na mbao zisipasuke

Watu wengi wakisikia tanuri la mbao wanawaza moto tu, yaani ukishapata joto kali kazi imeisha. Hapana wakuu. Tanuri la jua ni kibanda kilichofungwa chenye paa linalopitisha jua na feni za kuzungusha hewa ndani. Joto ni rahisi kupata, kazi iko kwenye kuzuia mbao isikauke haraka kuliko inavyoweza kuvumilia. Ubao mbichi ukikaushwa mbio unaharibika siku za mwanzo kabisa, na ukishapasuka hamna dawa, hata ungeurudishia maji haurudi ulivyokuwa.

Tuanze na maji yenyewe maana bila hapo utajenga kitu usichojua kinafanya nini. Mbao ikitoka tu kupasuliwa inaweza kuwa na unyevu wa asilimia 60, 80, hata zaidi ya 100, na usishangae hiyo 100, ni kwamba unyevu wa mbao unahesabiwa kwa uzito wa maji ukigawanya kwa uzito wa mbao kavu kabisa. Maji ya kwanza kutoka ni yale yaliyojaa tu kwenye matundu ya mbao, hayo yanatoka bila shida kubwa. Ukifika kama asilimia 30 hivi yanabaki yale yaliyoshikana na kuta za nyuzi zenyewe, na hapo ndo mbao inaanza kusinyaa, kupinda na kufanya vituko vyote. Sasa tatizo ni kwamba ngozi ya nje inafika hiyo 30 mapema sana wakati ndani bado kumelowa, nje kunataka kusinyaa ndani kunakataa, ndo unaona zile nyufa.

Ukubwa. Nitaongelea tanuri la kubeba mita moja ya ujazo ya mbao za milimita 25, linamtosha fundi wa kawaida. Rundo lenyewe linakuwa na urefu wa mita 2.5, upana sentimita 80, tabaka 20, na kwa kuwa kila tabaka lina ubao wa sentimita 2.5 na papi (vile vijiti vyembamba vya mbao vinavyotenganisha tabaka) ya sentimita 2 katikati, kimo kinafika kama sentimita 90. Zunguka rundo kwa kuacha nafasi ya sentimita 30 mbele na nyuma ili hewa ipite, na 20 kila pembeni, kwa hiyo ndani unahitaji kama mita 2.9 kwa 1.4. Ukuta wa mbele mita 1.4, wa nyuma mita 1.8, paa linaegamia upande wa jua. Kanuni ya mteremko ni uwe karibu sawa na latitudo ya mahali ulipo, ila ukiwa karibu na ikweta usiweke bapa kabisa, nyuzi 10 hadi 15 zinatosha maji ya mvua yateremke.

Hilo paa linalopitisha jua linakuwa na kama mita za mraba 4, na sikubahatisha. Kipimo kinachotumika sana ni mita moja ya mraba ya paa kwa kila robo mita ya ujazo ya mbao. Ukiongeza paa ukidhani unaharakisha kazi, unaharakisha kupasuka. Na vilevile usijaze nusu rundo halafu ukaacha paa lote wazi, mbao chache zitakula joto lote, hapo funika sehemu ya paa kwa turubai au kitu chochote kisichopitisha mwanga.

Msingi: inyanyue sakafu kwenye matofali, weka nailoni chini ili unyevu wa ardhini usipande, maana utakuwa unakausha mbao na udongo kwa pamoja. Fremu piga ya mbao za inchi 2 kwa 4, nje plaiwudi isiyoogopa maji, katikati jaza chochote cha kuzuia joto lisitoroke, stairofomu au ile sufi ya kioo, na sakafu nayo usiisahau. Ndani piga rangi ya mafuta au ya aluminiamu mikono miwili kabla ya kitu kingine, hiyo ndo inazuia mvuke usiingie kwenye kuta na kuziozesha, juu yake sasa piga nyeusi isiyong'aa. Misumari, skrubu na bawaba zote ziwe za kuzuia kutu, mbao mbichi inatoa asidi na ule mvuke unakula chuma vibaya sana.

Paa unaweza kutumia polikabonati, kioo, au nailoni ya grinihausi ile iliyotengenezwa kuvumilia jua. Nailoni ya kawaida itakatika mapema tu, usijidanganye. Ukiweza weka tabaka mbili zenye nafasi ya hewa katikati, joto linakaa zaidi. Ziba kila tundu kwa silikoni, na mlango uwe ukuta mzima wa nyuma, uwe milango miwili ya kufunguka, maana kupakia mbao za mita 2.5 kupitia kimlango kidogo ni mateso.

Chini ya paa ning'iniza bati lililopakwa rangi nyeusi, liache nafasi ya sentimita 10 au 15 kutoka kwenye paa na liwe pana kiasi cha kufunika rundo lote, jua lipige bati lisipige mbao moja kwa moja. Hewa ikipita juu na chini ya hilo bati inabeba joto.

Sasa feni, na hapa ndo wengi wanabana matumizi. Ni kama nguo kwenye kamba, siku ya mawingu yenye upepo zinakauka, ila ukizifungia kwenye chumba cha joto kisichopitisha hewa zinavunda. Weka feni mbili au tatu za kama sentimita 40 juu ya rundo, zifunge kwenye kipande cha plaiwudi kinachosimama kutoka juu ya rundo mpaka kwenye paa, zipulize kuelekea ukuta wa nyuma. Hewa inashuka nyuma ya rundo, inapita kati ya tabaka, inatokea mbele, inapanda kwenye bati, inarudi kwenye feni. Mzunguko ndo huo. Hewa ni mvivu, itapita palipo rahisi, kwa hiyo kila pengo pembeni mwa rundo na juu yake lizibe kwa turubai au plaiwudi ili isipate njia ya mkato. Kupima kama inatosha shika kipande cha karatasi laini upande wa kutokea hewa, kila tabaka karatasi itikisike, unatafuta kama nusu mita hadi mita moja kwa sekunde. Mota ziwe zilizofunikwa zinazovumilia joto na unyevu, na umeme uwe na waya wa ethi na breka ya kukata umeme ukivuja, pale ndani ni maji na joto, usicheze. Ukiwa na paneli ya sola inayoendesha feni moja kwa moja bila betri ni raha zaidi, jua likiwaka feni zinawaka, jua likizama zinazima zenyewe.

Matundu ya hewa manne kwenye ukuta wa nyuma, mawili juu mawili chini, ya kama sentimita 10 kwa 30, kila moja na kifuniko unachoweza kufungua kidogo kidogo. Kwa kuwa ukuta huo ndo milango, yakate kwenye milango yenyewe. Ndani weka thamometa na kipima unyevu wa hewa, pale hewa inapoingia kwenye rundo.

Kupanga mbao usimwachie kijana wa kazi ukaondoka. Kabla ya kupanga paka ncha zote rangi nzito au nta, na ufanye mapema, siku ileile ya kupasua kama inawezekana, kwa sababu maji yanatoka kwenye ncha mara 10 hadi 15 haraka kuliko kwenye uso wa ubao na ndo maana nyufa zinaanzia huko. Papi ziwe kavu, zote unene mmoja wa sentimita 2, sio hii nene ile nyembamba, hata milimita chache zinatosha kukupindia ubao. Weka kila baada ya sentimita 40 hadi 60, zingine kabisa kwenye ncha, na zipange wima mstari mmoja toka chini mpaka juu, papi ya juu ikae juu ya papi ya chini, na chini kabisa pawe na boriti inayobeba mstari huo. Papi ikihama uzito unakaa katikati ya ubao na ubao unaganda hivyo hivyo ulivyopinda. Usichanganye unene tofauti wala miti tofauti kwenye mzigo mmoja, paini itakuwa imekauka zamani na mkaratusi bado unalia maji. Juu kabisa weka matofali au mawe mazito, tabaka za juu ndo zinapenda kujikunja.

Kama una muda, anza kuzikausha nje kivulini zikiwa zimepangwa hivyo hivyo mpaka zifike kama asilimia 25, halafu ndo uingize kwenye tanuri. Mbao ngumu kama mwaloni au mkaratusi mi ningezifanyia hivyo kila mara.

Kuendesha. Usiendeshe kwa macho, endesha kwa mizani. Chagua ubao wa sampuli, urefu kama sentimita 75, kila ncha yake kata kipande cha sentimita 2.5, pima vile vipande hapohapo kabla havijapoteza maji, vitie kwenye oveni nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena, kwa kawaida inachukua kama siku nzima. Tuseme kipande kilikuwa gramu 160 kikaisha gramu 100, basi unyevu ni asilimia 60. Sampuli yenyewe paka ncha zake, ipime, tuseme ni kilo 4.8. Gawanya kwa 1.6 (yaani 160 kwa 100 za kile kipande) unapata kilo 3, huo ndo uzito wake ikiwa kavu kabisa. Ukitaka asilimia 12 basi subiri ifike kilo 3.36. Irudishe kwenye rundo mahali unapoweza kuichomoa, uipime kila siku saa ileile. Weka sampuli zaidi ya moja, na ichaguliwe ile mbao inayoonekana mbichi kuliko zote.

Kwenye sampuli hiyo kila gramu 30 ni asilimia moja. Mbao ngumu nzito usiziache zipoteze zaidi ya asilimia 2 au 3 kwa siku, yaani gramu 60 mpaka 90. Paini na mbao nyingine laini zinavumilia 10 hata zaidi, na hizo ukizichelewesha sana ndo zinaota ukungu na kuwa na doa la bluu. Zikipoteza haraka kuliko hapo, funga matundu unyevu upande, punguza masaa ya feni, au funika sehemu ya paa. Zikienda polepole na kipima unyevu kinasoma juu sana, fungua matundu kidogo. Mwishoni maji yanayotoka ni machache, basi funga matundu karibu yote joto lipande.

Usiku zima feni. Joto linashuka, unyevu wa hewa ndani unapanda, ngozi ya ubao inanywa maji kidogo na kupumzika. Tanuri la umeme linahitaji kupulizia mvuke kupata kitu hichi, wewe unakipata bure kila usiku, kwa hiyo usije ukatumia hita usiku kucha ukidhani unaokoa siku.

Ukijiuliza kwa nini inachukua wiki kadhaa, piga hesabu: mita moja ya ujazo yenye kilo 500 za mbao kavu ikitoka asilimia 60 kwenda 12 imetoa lita 240 za maji, zote zimepita kwenye vile vitundu vinne. Sehemu ambayo jua ni la shida unaweza kuweka mashine ya kunyonya unyevu badala ya paa la jua, chumba kiwe kimefungwa kabisa, kuta na sakafu ni zilezile, na maji unayapima kwenye ndoo, ila zile za nyumbani hazipendi joto kali.

Mwisho ufike wapi inategemea mbao zinaenda kukaa wapi. Hewa yenye unyevu wa asilimia 65 inaishikilia mbao kwenye kama 12, nyumba kavu yenye hita au kiyoyozi muda wote inataka 8 hivi. Kabla ya kutoa kata kipande kwa upana katikati ya ubao, toa sehemu ya kati kibaki na meno mawili kama uma. Meno yakijikunja kuelekeana, ubao bado una mkazo ndani yake, msumeno utabanwa ukianza kupasua. Nyunyiza maji sakafuni, funga matundu, endesha feni siku moja au mbili kisha jaribu tena.

Dumuzi nao: kuwaua unahitaji katikati ya ubao kufike nyuzi 56 kwa dakika 30, na jua peke yake siku nyingi halifikishi. Ukiona unga wa dumuzi, ongeza hita ya umeme siku ya mwisho saa za jua kali feni zikiwaka, na uwepo hapo muda wote, plaiwudi na hita ni majirani wabaya.

Zikitoka zipange zikibanana bila papi, mahali pakavu ndani, zifunike kwa nailoni. Ukiziacha kwenye banda la wazi zinarudi kunywa unyevu wa hewa, na fenicha utakayotengeneza itakuja kupinda ikiwa tayari sebuleni kwa mteja.