Somo: Terminali ya Linux ikionyesha vituko, mtafute kwanza mwenye kosa

Wakuu, habari za kazi. Swali ninaloulizwa mara kwa mara huja kwa sura nyingi: rangi zimepotea, mistari ya mc (programu ya kusimamia mafaili) imegeuka herufi, kibodi haijibu. Wengi hukimbilia kufuta mipangilio yote, wengine hadi kusakinisha mfumo upya. Mimi niliwahi kukesha nikihangaika na mipangilio ya kibodi kwa sababu Home na End zilikataa ndani ya tmux (programu ya kugawa terminali moja kuwa madirisha mengi), kumbe chanzo ni mstari mmoja niliouandika mwenyewe kwenye .bashrc (faili la mipangilio ya bash) zamani: export TERM=xterm-256color. Ndiyo maana nataka tufuate utaratibu.

Hatua ya 1: Irudishe terminali katika hali yake

Ukisoma faili la picha au la programu kwa cat, baiti zake zinaweza kuiamuru terminali ibadilishe seti ya herufi, na kila unachoandika kikatokea kama vipande vya mistari. Andika reset, bonyeza Enter. Huenda usione unachoandika, endelea tu. Enter ikikataa, bonyeza Ctrl+J, andika stty sane, kisha Ctrl+J tena.

Kama skrini imeganda tu, jaribu Ctrl+Q. Huenda uligusa Ctrl+S, ambayo husimamisha maandishi yasiendelee kutoka. Asiyeihitaji aweke stty -ixon kwenye .bashrc.

Hatua ya 2: Watenganishe

Ndani ya dirisha lile moja wamo wanne: terminali yenyewe, sheli (programu inayopokea amri zako, kama bash), tmux kama unaitumia, na programu uliyoifungua. Toka kwanza kwenye tmux. Kisha fungua bash --norc --noprofile. Tatizo likiondoka, limo ndani ya .bashrc yako. Likibaki, jaribu terminali ya ukoo mwingine, na hapa ndipo watu wanapojidanganya: GNOME Terminal na ile ya Xfce zote zimejengwa juu ya maktaba moja, VTE, kwa hiyo kuzilinganisha hakukuambii mengi. Linganisha na xterm au Konsole.

Hatua ya 3: Kagua TERM

Andika echo $TERM, uone jina la aina ya terminali. Programu hulichukua jina hilo na kulitafuta kwenye hifadhi ya terminfo, zijue zitume misimbo gani ili kubadili rangi, kusogeza kishale au kufuta mstari. Jina likidanganya, misimbo nayo itakosea. Kwa hiyo usililazimishe kwenye .bashrc, iache terminali ijitaje yenyewe. Kwa tmux, weka hii kwenye .tmux.conf:

set -g default-terminal "tmux-256color"

Wanaotumia terminali ya kitty wanalijua hili: unaingia kwenye seva kwa ssh, unafungua nano, unajibiwa "Error opening terminal: xterm-kitty". Seva hailijui jina hilo. Ipelekee maelezo yake kutoka kwenye mashine yako:

infocmp -x xterm-kitty | ssh jina@seva -- tic -x -

Yatahifadhiwa kwenye ~/.terminfo ya akaunti yako huko, bila kuhitaji root (mamlaka ya msimamizi). Ukiwa na haraka, TERM=xterm-256color ssh jina@seva itakuvusha kwa leo.

Hatua ya 4: Soma dalili za mistari

Hii naipenda, kwa sababu dalili yenyewe inakutajia ugonjwa. Ukiona lqqqk mahali pa fremu, programu inatumia njia ya kuchora mistari ya terminali ya zamani, VT100, na terminali haiifuati; jaribu export NCURSES_NO_UTF8_ACS=1. Ukiona â”€, programu inatuma herufi kwa usimbaji wa UTF-8 lakini terminali inazisoma kama usimbaji wa zamani wa Windows-1252, rekebisha usimbaji kwenye mipangilio ya terminali. Ndani ya tmux, ukiona alama za kistari cha chini mahali pa herufi zisizo za kawaida, endesha locale, amri inayoonyesha lugha na usimbaji wa mfumo. Ikijibu POSIX au C, weka export LANG=C.UTF-8, kisha funga tmux yote na uianze upya.

Visanduku vitupu ni suala la fonti tu. Kwa alama za Powerline (za kupamba mstari wa amri), fc-list ':charset=e0b0' itakuonyesha fonti zilizonazo. Isipotoa kitu, weka Nerd Font (fonti yenye alama hizo) kwenye ~/.local/share/fonts na uendeshe fc-cache -f.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nikiandika amri ndefu, maandishi yanarudi mwanzo wa mstari uleule na kufunika ya kwanza.

Jibu: Ni PS1 yako, yaani maandishi yanayotangulia kila amri. Kila msimbo wa rangi lazima uzungushiwe \[ na \], la sivyo bash inauhesabu kama herufi zinazoonekana na kukosea upana. Mfano sahihi:

PS1='\[\e[32m\]\u@\h:\w\[\e[0m\]\$ '

Swali: Mkuu, tangu nigeuze python3 ielekee toleo jipya kwenye Ubuntu 20.04, GNOME Terminal haifunguki kabisa.

Jibu: Pole sana. Kwenye toleo hilo, amri ya gnome-terminal ni skripti ya Python, na moduli yake ya gi imejengwa kwa Python 3.8 ya mfumo. Bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate skrini ya maandishi, ingia, kisha sudo ln -sf python3.8 /usr/bin/python3. Python mpya itumie ndani ya venv (mazingira ya Python yaliyotengwa).

Swali: Nina tenzi nimeziandika kwa herufi za Kiarabu. Kwenye xterm zinatokea zimeachana na mpangilio umegeuka.

Jibu: Dada, faili lako ni zima. xterm haiungi herufi wala haigeuzi mwelekeo. Lifungue kwa mlterm, au kwa terminali yenye VTE 0.58 ya mwaka 2019 kwenda mbele.

Swali: Dirisha linametameta, wakati mwingine linakuwa jeusi tupu. Nimefuata hatua zote nne.

Jibu: Basi shuka hadi kwenye kadi ya picha. Funga madirisha yote ya terminali, uifungue kwa LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1 alacritty, au kwa zile zilizojengwa kwa maktaba ya GTK4, kama GNOME Console, GSK_RENDERER=cairo kgx. Likitulia, kosa liko upande wa kuchora kwa kadi ya picha, kwa hiyo sasisha Mesa (viendeshi vya picha) na kerneli. Usiiache mipangilio hiyo iwe ya kudumu, maana kazi yote ya kuchora inahamia kwenye prosesa. Ukishasasisha, tuambie kadi yako ni ipi na matokeo yakoje.