Kabla hujajaza fomu ya digrii ya muziki

Wadogo zangu mnaotaka kusoma muziki chuo, msiangalie ada peke yake jamani. Ada ni kipande tu, kuna hosteli, chakula, nauli, halafu kinanda au gitaa la kwako la kufanyia mazoezi maana vya chuo mnagombania, zidisha yote mara miaka 3 (chombo cha kununua kihesabu mara moja tu) ndo upate hesabu kamili. Na kama utasoma kwa mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) kumbuka ukiajiriwa wanakata 15% ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe.

Sa kaa na mtu anayeishi kwa muziki mjini kwenu, sio staa, namaanisha yule anayepiga harusi, anayefundisha watoto piano majumbani, anayerekodi kwaya studio, umuulize mwezi mbaya anaingiza ngapi, mwezi mbaya ndo muhimu, Kwaresima na Ramadhani shughuli zinapungua balaa. Muulize pia kama kuna mteja aliwahi kumuomba cheti. Mimi nachoona wa bendi haulizwi kabisa, ila shuleni wanakuuliza. Kwa hiyo kama unataka ualimu digrii ina maana, angalia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) au Chuo Kikuu cha Makumira kule Arusha. Kama ni jukwaa na studio tu, diploma ya TaSUBa, chuo cha sanaa Bagamoyo, au ile akademia ya muziki ya Zanzibar, DCMA (ukipenda qanun na udi, ala za taarab, ndo kwenyewe) inaweza kukutosha, na hela inayobaki nunua spika na maiki nzuri, hizo hata usipopiga wewe unakodisha.