Jinsi ya kuitetea Queen kwenye ubishi wa rock bila kuishia kwa Freddie

Ubishi wa bendi za rock za zamani ukishafika kwa Queen, ile bendi ya Uingereza, huwa unapita njia ileile. Mmoja anasema Freddie, mwimbaji wao, alikuwa noma ila bendi yenyewe ya kawaida tu, shabiki wa Led Zeppelin anadakia kwamba Queen ni nyimbo za kupigia makofi uwanjani hamna kitu mle, afu wewe unayeipenda unaanza kuelezea sauti ya Freddie, Freddie kwenye steji, Freddie kwenye lile tamasha la hisani la Live Aid, na mpaka unamaliza umeshamkubalia mwenzako bila kujua, maana yeye kasema bendi haina kitu na wewe umetetea mtu mmoja. Mimi Queen naipenda sana na inaniuma kuona inashindwa ubishi ambao ingeushinda kirahisi, kwa hiyo naweka hapa namna ya kuingia.

Anza na nani kaandika nini. Hapa ndo penye nguvu na wengi hawapajui. Queen walikuwa wanne, Freddie Mercury, Brian May wa gitaa, Roger Taylor wa drams na John Deacon wa besi, na kila mmoja wao kaandika hit ya dunia nzima. Muulize unayebishana naye Another One Bites the Dust kaandika nani, utasikia Freddie. Hapana, ni Deacon, yule mkimya wa besi, na hiyo ngoma ilishika namba 1 Marekani mwaka 1980. I Want to Break Free ni yake. You're My Best Friend ni yake. Radio Ga Ga na A Kind of Magic ni za Roger, mpiga drams. We Will Rock You ya Brian, na The Show Must Go On sehemu kubwa ni ya Brian vilevile. Freddie ana Bohemian Rhapsody, Killer Queen, Somebody to Love, We Are the Champions na nyingine kibao. Mwaka 2003 wakaingizwa wote wanne kwenye Songwriters Hall of Fame ya Marekani, yaani orodha ya heshima ya watunzi wa nyimbo, ikawa bendi ya kwanza kuingia na wanachama wake wote. Ukishayasema hayo muulize mpiga drams wa bendi yake kaandika hit gani, afu nyamaza usubiri. Ila swali la mpiga besi usimuulize shabiki wa Pink Floyd, kule mpiga besi ni Roger Waters na ndo kaandika sehemu kubwa ya nyimbo zao kubwa, utajimaliza mwenyewe.

Pili, acha maneno makubwa, piga wimbo. "Magenius", "malejendari", "hawatatokea tena", hayo hata shabiki wa bendi mbovu anayasema. Wewe chukua wimbo mmoja, mwambie avae hedifoni (spika ya simu inameza nusu ya vitu, kwa Queen hilo ni tatizo kweli maana kazi yao yote iko kwenye kupanga sauti juu ya sauti) na mwambie asikilize nini na wapi. Mimi ninaoupenda kwa kazi hii ni Good Company, uko kwenye albamu ya A Night at the Opera ya 1975, Brian kaandika na kuimba mwenyewe. Unaanza kiutani na ukulele, ukienda mbele inaingia bendi nzima ya jazi ya zamani, unasikia tarumbeta, unasikia klarineti, unasikia tromboni inavuta zile noti zake. Hamna tarumbeta mle. Hamna klarineti. Yote ni gitaa la Brian, amepiga kila ala peke yake sauti moja moja, kakaa anaiga jinsi mtu wa tarumbeta anavyopuliza na jinsi noti inavyoanza na kuisha, kwa kutumia kiamplifaya (kikuza sauti) kidogo alichokiunga John Deacon kwa mikono yake kutokana na vifaa vya elektroniki alivyovikuta vimetupwa jalalani London. Mpe dakika tatu na ushee za wimbo huo asikilize kabla hujamwambia siri, mwache ataje ala anazozisikia mwenyewe, afu ndo umwambie.

Na gitaa lenyewe lina historia ya kuisimulia. Brian na baba yake walilitengeneza nyumbani kuanzia 1963, yeye bado kijana wa shule, hawakuwa na hela ya kununua gitaa la maana. Shingo ya gitaa ilitoka kwenye mbao za sehemu ya kuotea moto ya zamani. Analipiga kwa sikspensi, sarafu ya zamani ya Uingereza, badala ya kipande cha plastiki, ndo maana ukisikiliza kwa makini kuna kamkwaruzo fulani mwanzoni mwa noti. Gitaa hilohilo, Red Special, ndo liko kuanzia albamu ya kwanza ya 1973 na bado anapanda nalo steji. Albamu zao kadhaa za miaka ya 70 waliandika kabisa kwenye jalada kwamba hakuna sinthesaiza (kinanda cha umeme cha kutengeneza sauti) iliyotumika, kwa sababu watu walikuwa hawaamini kwamba zile sauti ni gitaa na midomo ya watu. Sinthesaiza waliingiza kwenye albamu ya The Game, 1980.

Ukitaka cha pili, Somebody to Love ya 1976. Ile kwaya unayoisikia kama kanisa zima la watu weusi wa Marekani ni watu watatu, Freddie, Brian na Roger, wamejirekodi tena na tena mpaka ikajaa. Roger ndo anachukua nyingi za zile za juu, wengi wanadhani ni Freddie.

Kuhusu Bohemian Rhapsody, ushauri wangu usianze nayo. Kila mtu ameshaisikia mpaka masikio yameota sugu, ukiitaja anaona huna kingine. Akiitaja yeye, haya, uwe na vitu vyako tayari. Ni wimbo wa dakika 5 na sekunde 55 usio na kiitikio, wakati ambao redio zilitaka dakika tatu, na ukakaa namba 1 Uingereza wiki 9 kuanzia mwisho wa 1975, halafu ukarudi tena namba 1 baada ya Freddie kufariki Novemba 1991. Ile sehemu ya opera katikati walirekodi sauti nyingi kiasi kwamba mkanda ulipitishwa kwenye mashine tena na tena hadi ukaanza kulika, Brian amesimulia kwamba ukiuinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Kwetu sisi ile Bismillah ya mle ndani huwa inawashtua watu, lakini hiyo ni stori ya kufurahisha, haimthibitishii mtu ubora.

Hapo ndo nifike kwenye Zanzibar, maana najua wengi mnaisubiri. Ndiyo, Freddie kazaliwa Mji Mkongwe, Unguja, 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi wenye asili ya Gujarat na baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Shule kasoma India, Panchgani, kule ndo alikojifunza piano na kupiga na bendi ya shule. Familia ikaondoka kwenda Uingereza 1964, mwaka wa Mapinduzi, yeye ana miaka 17. Nyumba ya Shangani imekuwa makumbusho tangu 2019 na inafaa kwenda. Najivunia kama unavyojivunia, ila "ni wa kwetu yule" isiwe hoja kwenye ubishi wa ubora, mtu makini atakuuliza mahali alipozaliwa kumeongeza nini kwenye Killer Queen na utakosa jibu. Itaje kama historia, mkiwa mmetulia, afu rudi kwenye muziki.

Sasa kitu kigumu. Kuna mambo mawili lazima uyaseme wewe mwenyewe kabla hujasemewa. La kwanza ni dogo, Hot Space ya 1982, albamu ambayo waliingia disko na fanki wakaliweka gitaa pembeni, na ukitoa Under Pressure waliyoifanya na David Bowie, imepwaya. Sema imepwaya uendelee.

La pili sio dogo. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, sehemu ya starehe kule Bophuthatswana, Afrika Kusini, mojawapo ya yale maeneo makaburu waliyoyabandika jina la nchi huru ili wawavue Waafrika weusi uraia wa nchi yao. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshawataka wasanii wasusie, chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawapiga faini. Walijitetea kwamba wao sio watu wa siasa, wanapigia mashabiki wao. Utetezi huo mimi sikubaliani nao na wewe usiubebe. Kumbuka wakati huohuo Mazimbu pale Morogoro vijana wa ANC waliokimbia nchi yao walikuwa wanasoma shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu aliyenyongwa na serikali hiyohiyo, kwa hiyo kwa sisi wa huku sio habari ya mbali ya Wazungu na maamuzi yao. Ukiambiwa Queen walikosea Sun City jibu ni ndiyo, walikosea vibaya. Afu mwambie ubishi wa sasa ni wa nyimbo, tuendelee na nyimbo, na kama anataka ubishi wa maadili basi tuuweke kwa bendi zote. Mtu akiona hukwepi hilo atakuamini na mengine.

Live Aid je? Itumie, ila kwa kipimo. 13 Julai 1985, Wembley, dakika kama 21, vipande sita, na kila bendi kubwa ya wakati huo ilikuwa na nafasi ileile ya muda mfupi. Cha kuonyesha pale sio Freddie kukimbia na kile kijiti cha maiki. Rudia kuangalia ukimfuata Deacon na Roger tu, uone jinsi wanavyotoka wimbo mmoja kuingia mwingine bila kupoteza sekunde, walikwenda kufanya mazoezi kabisa ya hizo dakika chache wakati wengine walipanda tu wakapiga. Na tafadhali usitumie ile filamu ya 2018, Bohemian Rhapsody, kama ushahidi. Kule wanaonyesha bendi ilikuwa imevunjika kabla ya Live Aid, wakati ukweli ni kwamba walitoa albamu ya The Works 1984 na ziara yake iliisha miezi michache tu kabla ya siku ile, tena wanamwonyesha Freddie akiwaambia wenzake kuhusu ugonjwa wake wa UKIMWI kabla ya shoo, jambo ambalo lilikuja baadaye sana. Shabiki wa Zeppelin akikukamata na hilo moja tu, mengine yote uliyosema yanaanguka nalo.

Wanaosema wahakiki hawakuikubali, wako sahihi, wengi hawakuikubali. Kwenye jarida la Rolling Stone mwaka 1979 mhakiki Dave Marsh aliandika kuhusu albamu yao iitwayo Jazz akafika mpaka kuiita bendi ya kifashisti. Usikimbilie mauzo kujibu. Greatest Hits yao ya 1981 ndo albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza, zaidi ya nakala milioni 7, lakini mauzo yanaonyesha watu wamependa, na yeye hajabisha hilo.

Na huyo wa Zeppelin, usimguse John Bonham, mpiga drams wao. Usijaribu kabisa kusema Roger Taylor alikuwa mpiga drams mkali kumzidi, utapoteza heshima hapohapo. Mkubalie drams, mkubalie rifu (vile vipande vya gitaa vinavyojirudia) za Jimmy Page, mpiga gitaa wao, kisha uhamie kwenye sauti za kuimba kwa pamoja na upana wa mitindo, maana huko Zeppelin hawakuwa na waimbaji watatu wa kupanga sauti namna ile. Yeye atakutolea karata yake ya mwisho, kwamba Bonham alipofariki 1980 wao waliacha kwa heshima, ila Brian na Roger waliendelea kuzunguka na mwimbaji mwingine, Adam Lambert. Hii inawachanganya mashabiki wengi. Jibu langu mimi, ile sio Queen kamili, na jina lenyewe linakubali hivyo, wanajiita Queen + Adam Lambert kama walivyojiita Queen + Paul Rodgers kabla yake, na Deacon alishastaafu tangu 1997 na hajarudi. Unaweza kuipenda shoo yao bila kuiweka kwenye hesabu. Queen ya kubishania ni ile ya wale wanne, kuanzia Deacon alipoingia 1971 mpaka Freddie alipofariki, ukiongeza na Made in Heaven ya 1995 iliyotengenezwa kwa sauti alizoacha.

Akiwa bado anakaza, mpe kazi ya kwenda nayo nyumbani. Akipenda vitu vizito mpe Stone Cold Crazy ya 1974, ambayo Metallica, bendi ya metali, waliirudia na wakachukua tuzo ya Grammy kwayo. Akipenda nyimbo ndefu za kuzama mpe The Prophet's Song, pale katikati Freddie anaimba na mwangwi wake mwenyewe bila ala yoyote. Ila ukiwa na nafasi ya kitu kimoja tu basi mpe albamu ya Queen II ya 1974, upande wa pili wa sahani waliouita upande mweusi, ambao wote ni wa Freddie, kuanzia Ogre Battle mpaka Seven Seas of Rhye bila kuruka, nyimbo zimeunganishwa kwa makusudi. Kesho yake mkikutana muulize kwanza The March of the Black Queen imebadilika mara ngapi ndani ya dakika sita zile, ubishi uanzie hapo.