Kabla ya kwenda kuonja bia za majaribio kwenye tamasha la bia za pipa Uingereza

Matamasha ya bia za pipa hufanyika Uingereza karibu mwaka mzima, na mengi huandaliwa na matawi ya CAMRA, jumuiya ya wanywaji iliyoanzishwa mwaka 1971 kuitetea bia hii wakati ilipokuwa ikipotea kwenye baa. La Cambridge kwa kawaida huwa mwezi Mei, ndani ya mahema kwenye uwanja wa Jesus Green. Kama unakwenda kwa ajili ya bia za majaribio, zile ambazo kiwanda kidogo kimepika mara moja tu ili kuona zitakavyotoka, jiandae. Bila maandalizi utazinywa, lakini kuzionja ni jambo jingine.

Kwanza, jua ni kinywaji gani. Mkenya akisikia pipa huenda akafikiria kegi, lakini bia ya kegi kwa kawaida huchujwa na husukumwa kwa gesi hadi kwenye glasi. Hii ya pipa haichujwi, wala haipashwi moto kuua hamira. Huingia pipani ikiwa na hamira hai, ikaendelea kuchachuka humo humo, na gesi yake ni ile iliyojitengenezea yenyewe. Kabla ya tamasha mapipa hulazwa kwenye vichanja ili mashapo yatulie. Aliyezoea mbege ya Uchaggani hatashangaa sana, kwani naye anaijua pombe iliyo hai na inayobadilika ladha kadiri inavyokaa. Hata uchungu wake una mwenzake huko: Waingereza huupata kwenye hopsi, maua machungu ya mmea wa jina hilo, Wachagga kwenye gome la msesewe.

Lile swali letu la baa, "baridi au ya moto?", huko halina nafasi. Bia ya pipa hutolewa kwenye nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi, ubaridi wa kadiri, na ina gesi kidogo. Usidhani imelala. Baridi kali huficha harufu, na katika bia ya majaribio harufu ndiyo nusu ya kazi ya mpishi.

Panga siku yako mapema. Pipa linalotumika zaidi hubeba galoni 9, karibu lita 41, sawa na painti 72 kabla ya kuondoa mashapo. Bia ya majaribio mara nyingi huletwa pipa moja, na likiisha limeisha. Ukisubiri Jumamosi jioni utakuta jina lake limepigwa mstari. Mimi ningeomba ruhusa kazini niende mchana katikati ya juma: watu ni wachache, na wanaojitolea kuhudumu wana muda wa kuzungumza. Soma orodha kabla hujatoka nyumbani, kisha ukifika uliza, kwa sababu bia inaweza kuwamo kwenye orodha na pipa lake bado halijafunguliwa.

Ukiwa na mzio wa chakula, uliza mapema zaidi. Bia nyeusi zinazoitwa za maziwa huwekwa laktosi, sukari ya maziwa, na wapishi wa majaribio hutia karanga, kahawa, matunda, hata pilipili. Asiyekula samaki naye aulize, kwa kuwa bia nyingi za pipa husafishwa kwa kitu kinachotengenezwa kutokana na kibofu cha hewa cha samaki, kile ambacho wavuvi wa Ziwa Viktoria hukiita bondo. Zisizosafishwa hivyo hubaki na ukungu, na ukungu huo peke yake si ubovu.

Sasa mpangilio, na hapa ndipo wengi hupotezea siku yao. Kanuni ya kawaida ni kuanza na nyepesi na kumalizia na kali, ya rangi hafifu kabla ya nyeusi, kisha zenye uchachu, za moshi na za pilipili mwishoni kabisa. Ni kanuni nzuri, ila ukiifuata bila kufikiri, bia uliyoijia utaifikia ulimi ukiwa umechoka na kichwa kimeanza kuchangamka. Napendekeza hivi: anza na bia ya kila siku ya kiwanda kile kile, ile chungu ya kawaida yenye asilimia 4 hivi. Hiyo inakuonyesha mkono wa mpishi, hamira yake na maji yake. Kunywa maji, kula kipande cha mkate mtupu, kisha uende kwenye jaribio lake. Hapo utatambua alichokiongeza na alichokiacha. Anayeanza na jaribio moja kwa moja hana cha kulipimia, na mara nyingi huishia kusema tu kwamba ni la ajabu, jambo lisilomsaidia mpishi wala yeye mwenyewe.

Siku hiyo usijipulizie manukato, na usile pilipili kabla ya kwenda. Chukua daftari dogo. Andika jina, nguvu, harufu, na ladha inayobaki baada ya kumeza, papo hapo, kabla hujamsikia jirani anasemaje.

Jifunze pia dalili za bia iliyoharibika. Harufu ya siki, ya boksi lililolowa, ya dawa ya vidonda, au ya siagi nzito kupita kiasi, kwa kawaida ni kasoro. Ugumu wa majaribio ni kwamba uchachu unaweza kuwa umekusudiwa. Soma maelezo ya bia kwanza, halafu muulize anayehudumu kwa upole kama ndivyo inavyotakiwa kuwa. Anaweza kuionja mwenyewe. Usinyamaze kwa aibu ya ugeni: pipa likiwa bovu, wanaokufuata nao watalinywea.

Kuhusu kiasi, omba theluthi ya painti, kama mililita 190. Ni kipimo halali kisheria, na hakuna atakayekushangaa. Uingereza huhesabu pombe kwa yuniti, kila moja ikiwa mililita 10 za pombe tupu, na ushauri wa madaktari wakuu wa serikali tangu 2016 ni kutozidisha 14 kwa wiki. Theluthi ya bia ya asilimia 4 ni karibu robo tatu ya yuniti. Ya asilimia 9 ni 1.7. Kwa hiyo bia tatu kali ndogo ni zaidi ya yuniti tano, ingawa glasi hazikuonekana kuwa kitu. Kula chakula kamili kabla, na unywe maji kati ya bia na bia.

Beba kitambulisho chenye picha, maana chini ya miaka 18 huuziwi. Glasi mara nyingi hulipiwa amana. Irudishe urejeshewe pesa yako. Gari liache nyumbani. Kikomo cha dereva ni miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu England na Wales, na Scotland ni 50 tangu 2014. Kwa wanaoishi huko kwa viza, hatia ya kuendesha ukiwa umelewa ni lazima itajwe kwenye maombi yanayofuata. Angalia saa ya treni ya mwisho kabla hujaagiza glasi ya kwanza.